Nilivyoipasua 1,889,773

Tarehe 31 Oktoba 2022 nilikuwa nyumbani kwetu Wete, tumekaa ukumbini, tivii imewashwa, Rais Samia yuko Dodoma anatangaza matokeo ya sensa. Tanzania nzima watu 61,741,120. Bara 59,851,347. Zanzibar 1,889,773. Hapo hapo ami yangu akaanza, kwamba mwaka 2012 tulikuwa 1,303,569 na ardhi ndo ile ile haijaongezeka hata shibiri, akaja akasikia ongezeko ni asilimia 3.7 kwa mwaka akashika kichwa, na ukumbi mzima ukageuka ubishi wa viwanja na maji na madarasa. Mie nilikuwa nshanyanyuka zamani. Nimo chumbani natafuta kaunta buku na kalamu.

Nasomesha hesabu skuli ya sekondari hapa hapa Pemba. Na Agosti ile nilikuwa karani wa sensa, nimetembea na kishikwambi mkononi nyumba kwa nyumba mpaka ndara zikakatika. Kwa hiyo namba ile mwenzangu wewe ulisikia takwimu, mie nilisikia kitu ambacho na mie nimo ndani yake na watu niliowajaza nimo nao. Nikataka kuijua. Na namba huijui kwa kuitazama tu, unaijua ukiipasua, ukaona imejengwa na nini.

Cha kwanza, inaishia na 3, basi ni witiri. (Nayapenda sana maneno haya mawili ya hesabu, shufwa na witiri, maana kwetu mtoto anayajua kabla hajafika darasani, swala ya witri anaisikia kila siku na maneno yenyewe yamo ndani ya Surat Al-Fajr.) Witiri, basi 2 haimo. Haiishii na 0 wala 5, basi 5 haimo. Kwa 3 unajumlisha tarakimu zake, 1 na 8 na 8 na 9 na 7 na 7 na 3, unapata 43, na 43 ukigawa kwa 3 inabaki 1, basi 3 nayo haimo.

Kwa 7, 11 na 13 iko njia moja ya mkato nawafundisha watoto kila mwaka na kila mwaka nasikia raha kuifundisha. 7 mara 11 mara 13 ni 1,001. Basi unaikata namba tatu tatu kutoka kulia, 773, halafu 889, halafu 1, unatoa na kujumlisha kwa zamu: 773 toa 889 jumlisha 1, unapata hasi 115. Sasa badala ya kuhangaika na milioni unahangaika na 115 tu. Inagawika kwa 7? Haigawiki. 11? Haigawiki. 13? Haigawiki. Tatu kwa mpigo zimeondoka.

Baada ya hapo hakuna mkato tena, ni kugawa mkono kwa mkono, namba tasa moja baada ya moja. Namba tasa ndo zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, na orodha yake tunaipata kwa lile chekeche la Eratosthenes, mtu aliyezaliwa Cyrene, Libya ya leo, akaja kuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria, karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Unaandika namba zote, unafuta vigawe vya 2, vya 3, vya 5, kinachobaki kwenye chekeche ndo tasa. Mpaka leo hiyo ndo njia ninayoanza nayo darasani.

Unagawa mpaka wapi? Mpaka kipeuo cha pili. 1,374 mara 1,374 ni 1,887,876, na 1,375 mara 1,375 inapita. Basi ukifika 1,373 hujapata kitu, jua namba yako ni tasa, khalas. Namba tasa mpaka hapo ziko 220. Nikajiambia ikibidi mia mbili na ishirini nazifanya. Simu ningeweza kutumia, kuna programu zinakupa jibu kabla hujapepesa jicho, lakini wallahi sikutaka. Nilitaka nikifika nifike kwa miguu.

17 ikabaki 2. 19 ikabaki 14. 23 ikabaki 1. Hapo nilisikitika kidogo maana ukibakiwa na 1 unahisi kama uligonga mlango na mtu yuko ndani akanyamaza. 41 nayo ikabaki 1. 47 ilipungua 3 tu. Umeme ukakatika, nikawasha tochi ya simu, bibi akapita akauliza nafanya nini nikamwambia nasahihisha mitihani, Mungu anisamehe. 59 ikabaki 3. 149 ikabaki 6. 167 ikabaki 1, tena! Mara ya tatu hiyo, mara ya nne ukihesabu na ile ya 3, ya tano ukihesabu na ile ya 2. Nikaichora duara kwa kalamu nyekundu bila kujua kwa nini naichora. 227 ikapungua 2.

Halafu 239. Nikaandika: 239 mara 7,900 ni 1,888,100. Imebaki 1,673. Na 1,673 ni 239 mara 7. Sifuri. Nimekaa naiangalia ile sifuri kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.

1,889,773 = 239 × 7,907.

Bado 7,907 ilibidi niichunguze, lakini hiyo kazi ndogo, 89 mara 89 ni 7,921 inapita, kwa hiyo unajaribu mpaka 83 tu. Haikugawika kwa chochote. Ni tasa. Tena si tasa ya hivi hivi: ukizipanga namba tasa zote kwa mstari kuanzia 2, 239 ni ya 52, na 7,907 ni ya 999. Ya elfu moja ni 7,919. Imekosa elfu kwa hatua moja.

Kwa hiyo namba yetu sie Wazanzibari ni semiprimu, zao la namba tasa mbili tu, haina zaidi. Vigawo vyake ni vinne: 1, 239, 7,907 na yenyewe. Ukituambia tujipange kwenye makundi yanayolingana, mtu asibaki nje, unaweza kufanya makundi 239 ya watu 7,907, au makundi 7,907 ya watu 239, na zaidi ya hapo ama sote pamoja ama kila mtu peke yake. Basi. Njia nyengine hakuna.

Sasa hizi namba mbili nataka nizisemee kidogo hasa hii 239, kwa sababu ni namba mashuhuri na watu wengi hawaijui. Mwaka 1706 John Machin wa Uingereza alitumia fomula yenye 239 ndani yake, robo ya pai ni mara nne ya arktanjenti (kinyume cha tanjenti) ya moja ya tano toa arktanjenti ya moja ya 239, akapata tarakimu 100 za pai kwa mkono. Mia moja, kwa mkono, na tochi ya simu hana. Na siri ya fomula yenyewe iko kwenye kitu hiki unachoweza kukihakiki sasa hivi: 239 mara 239 ni 57,121. Ongeza 1, ni 57,122. Gawa kwa 2, ni 28,561, na hiyo ni 13 mara 13 mara 13 mara 13. Kipeo cha nne cha 13! Ukiacha ile ya 1 na 1 ambayo kila mtu anaiona, hakuna namba nzima nyengine inayofanya hivo, na Ljunggren wa Norwe alilithibitisha hilo mwaka 1942.

Halafu kuna habari ya vipeo vya tatu. 1, 8, 27, 64, 125, 216, kama masanduku yenye pande sawa. Edward Waring, mwanahesabu wa Uingereza, mwaka 1770 alisema kila namba nzima unaweza kuiunda kwa kujumlisha vipeo vya tatu visivyozidi 9. Ikachukua mpaka karne ya ishirini kuthibitishwa. Na mwaka 1939 Dickson wa Marekani akaonesha kuwa katika namba zote, zote, mpaka huko zisikoisha, ni mbili tu zinazohitaji masanduku yote 9, nyengine zote zinatosheka na 8 au chini ya hapo. Hizo mbili ni 23 na 239. Jaribu mwenyewe: 64 na 64, na 27 nne, na 1 tatu. 128 na 108 na 3. Masanduku tisa. Ukiwa na tamaa ukaanza na kubwa kabisa, 216, unabakiwa na 23, na huyo ndo mwenziwe mgumu anayetaka 9 peke yake, jumla unafika 10. Nilipowaonesha watoto wangu wa fomu ya pili walikataa kutoka mapumziko, wanahangaika kutafuta 8. Hawakuipata, haiko.

Tukirudi kwenye namba yenyewe nzima. Tangu zamani sana, tangu Nicomachus wa Gerasa karibu mwaka 100, watu wanazigawa namba makundi matatu: pungufu, kamilifu na zilizozidi. Unajumlisha vigawo vyake bila kuihesabu yenyewe. Ikitimia sawasawa ni kamilifu, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3. Ikizidi imezidi. Ikipungua pungufu. Kitabu cha Nicomachus kilitafsiriwa kwa Kiarabu na Thabit ibn Qurra, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 901, na yeye mwenyewe akaongeza kanuni ya namba marafiki, zile mfano wa 220 na 284 ambazo kila moja ni jumla ya vigawo vya mwenziwe. Yetu sisi: 1 na 239 na 7,907 ni 8,147. Elfu nane dhidi ya milioni moja na laki nane! Ni pungufu, tena pungufu mno.

Kuna na ile ya namba ya furaha, unazidisha kila tarakimu kwa yenyewe unajumlisha, unarudia, ikifika 1 ina furaha. Yetu inakwenda 317, 59, 106, 37, 58, 89 halafu inazunguka daima haifiki 1. Sikukaa nayo sana hiyo.

Iliyonikalisha ni nyengine. Ukigawa 239 kwa 4 inabaki 3. Ukigawa 7,907 kwa 4 inabaki 3. Namba iliyotoka kwenye tasa mbili tofauti za namna hiyo inaitwa namba ya Blum, kwa jina la Manuel Blum, aliyezaliwa Caracas, Venezuela, na mwaka 1995 akapewa tuzo ya Turing, tuzo kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta. Blum ndo aliyeonesha jinsi watu wawili walio mbali wanavyoweza kurusha sarafu kwa simu, yaani mmoja yuko Unguja mmoja yuko Pemba, hawaonani, na bado hakuna anayeweza kumdanganya mwenziwe kuwa imeangukia kichwa ilhali imeangukia mwenge. Kinachowalinda ni kitu kile kile kilichonikesha mie: kuzidisha 239 kwa 7,907 mtoto wa darasa la tano anafanya dakika moja, kuirudisha nyuma upate zilikotoka ndo shughuli. Sehemu kubwa ya siri za intaneti zimejengwa juu ya ugumu huo tangu mwaka 1977, Rivest, Shamir na Adleman walipoutengenezea kufuli. Namba yangu mie ina tarakimu saba. Februari 2020 wataalamu walifanikiwa kuipasua moja yenye tarakimu 250, kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja. Hizo za kufuli za leo ni ndefu zaidi ya hapo.

Na kwa kuwa ni namba ya Blum, haiwezi kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili, hata uhangaike vipi. Vitatu inawezekana, nilivitafuta nikavipata: 1,372 mara yenyewe, 75 mara yenyewe na 42 mara yenyewe, jumlisha uone.

Siku ya pili yake nikaikumbuka ile ya 2012 aliyoitaja ami. 1,303,569. Hii rahisi mwanzo, tarakimu zake zikijumlishwa ni 27, inagawika kwa 9, unapata 144,841. Nikaanza tena kupanda ngazi. 239 ikabaki 7, nikasema haya. Inayofuata, 241... na 241 mara 601 ni 144,841 kamili. Nilipiga kelele bibi akatoka jikoni mbio. Yaani sensa ya 2012 imebeba 241 na sensa ya 2022 imebeba 239, na hizi ni namba tasa pacha, tasa mbili zilizopishana kwa 2 tu, kama 11 na 13, kama 17 na 19. Ni sadfa, najua ni sadfa, hakuna aliyepanga. Lakini mie ni mtu wa visiwa viwili na nilifurahi vile vile. (Pemba peke yetu 2022 tulikuwa 543,441, hiyo ni 3 × 79 × 2,293, tasa tatu. Unguja nawaachia wenyewe waipasue yao, 1,346,332.)

Sasa nirudi kwenye ile duara nyekundu.

Siku ya nne ya sensa eneo langu nilikuwa nshalimaliza, kaya zote zimejazwa, nasubiri gari. Kijana aliyetumwa na sheha akaniambia mwalimu kuna mzee mmoja kule ufukweni nyuma ya mikoko, watu wanadhani kaenda dago, kambi ya wavuvi, lakini jana kuna mtu kamuona. Tukashuka. Maji yamekupwa, matope mpaka kwenye goti, kishikwambi nimekiinua juu ya kichwa kama mtungi. Tukamkuta kwenye banda lake la makuti anashona wavu. Jina simtaji, makarani tuliapishwa na kiapo ni kiapo.

Nikamwamkia shikamoo babu, akaniitikia marahaba mjukuu wangu, akanipisha kwenye ubao wake nikae yeye akakaa chini. Nikamuuliza usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 alilala wapi. Akasema nililala hapa hapa, mguu unaniuma sikwenda popote. Kuna mtu kaja kukuhesabu? Hajaja mtu. Nikaanza kumjaza. Tulipokaribia mwisho akaniuliza, kwa upole kabisa, bila ya ubishi: "Mjukuu wangu, na mie nisipokuwemo, katika watu wote hawa, kutaharibika nini?"

Nikamjibu yale tuliyofundishwa kwenye mafunzo, mipango ya maendeleo, hospitali, barabara. Akatikisa kichwa kwa adabu. Nilijua sijamjibu.

Basi usiku ule baada ya kuipata 239 nilirudi kuzitazama zile zilizobaki 1. 2 ilibaki 1. 3 ilibaki 1. 4 pia. 23, 41, 167, zote zilibaki 1. Mwalimu mzima wa hesabu imenichukua nusu saa kuona maana yake, kwamba kila mara ni yule yule mmoja aliyebaki. Mtoe yule mmoja na namba zote hizo zinaingia kwa pamoja. Nikaandika chini: 1,889,772 = 2 × 2 × 3 × 23 × 41 × 167. Nikazidisha kuhakikisha. 12 mara 23 ni 276, mara 41 ni 11,316, mara 167 ni 1,889,772. Kamili, haikubaki tasa kubwa hata moja nyuma.

Angalia tofauti ya mtu mmoja. Pamoja naye namba ina vigawo 4. Bila yake ina vigawo 48. Pamoja naye ni pungufu, bila yake jumla ya vigawo, ukiiacha yenyewe, ni 2,851,860, imezidi, na imezidi kwa mbali. Pamoja naye huna pa kuivunja ila sehemu moja tu. Bila yake inavunjika kama andazi.

Nilikwenda kumtafuta mwezi wa Novemba, siku ya mapumziko, na kaunta buku langu. Alikuwepo. Hesabu ya skuli hajasoma, lakini mgao wa samaki kaufanya maisha yake yote, kwa hiyo nilimueleza kwa mgao. Nikamwambia babu, chukulia ni samaki. Hawa hapa 1,889,772 unaweza kuwagawa kwa watu wawili, watatu, wanne, sita, kumi na wawili, ishirini na watatu, njia arubaini na nane na hakuna samaki anayebaki. Akasema huo mgao mzuri. Nikamwambia sasa ongeza mmoja. Huyu mmoja akishaingia, kwa wawili hawagawiki, kwa watatu hawagawiki, kwa ishirini na tatu hawagawiki, mpaka ufike watu 239 ndo wanakubali.

Akakaa kimya, sindano ya wavu mkononi. Akaniuliza hiyo mia mbili thalathini na tisa ni mimi nimeileta? Nikamwambia yeyote angekosekana ingekuwa hivo hivo, lakini wewe ndo nakujua kuwa ulibaki kidogo ukosekane. Akaniambia nimsomee tena ile namba nzima, polepole. Nikasoma. Akainuka kwa mguu wake ule mbovu, akaenda kwenye jiko akarudi na kipande cha mkaa, akanionesha mlango wa banda.

"Niandikie hapo. Ile yenye mie."

Nikaandika 1,889,773, na koma zake zote mbili.